Masharti Hayakai Kwenye Kitufe

Kila programu inayotumiwa na watu ina kazi mbili: inaongea na inaamua. Inaongea inapoleta fomu mbele ya keshia, inapouliza namba ya mwanachama, inapotoa risiti. Inaamua inapokataa mkopo, inapokokotoa riba, inapokubali kwamba fedha zimetoka kwa huyu zikaingia kwa yule. Upande unaoongea huitwa kiolesura, unaoamua huitwa mantiki, na vitabu vya usanifu wa programu huagiza pande hizo zitenganishwe. Wanafunzi hulikariri agizo hilo, wakajibia mtihani, wakalisahau. Mimi nililielewa nikiwa kazini, katika ofisi ya chama cha akiba na mikopo cha watumishi mjini Morogoro, na walionifundisha hawakuwa mafundi wa kompyuta.

Nilipoajiriwa pale, mfumo wa chama ulikuwa tayari umekula miaka. Uliandikwa kwa Visual Basic 6, na kumbukumbu zake zilikaa kwenye hifadhidata ya Access ndani ya kompyuta moja ya chumba cha mhasibu. Kompyuta za keshia na afisa mikopo zilizifikia kupitia waya. Aliyeuandika alikwishahama mji. Hata hivyo mfumo ulikuwa ukombozi, na sitaki msomaji asahau hilo. Kabla yake kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake kwenye leja za majalada magumu, na aliyetaka kujua salio alikaa kwenye benchi mpaka karani amalize kupekua. Mfumo ule ulilifuta benchi.

Kisa kilichonifumbua macho kililetwa na mwalimu wa shule ya msingi. Alikuja na karatasi mbili na hesabu yake mwenyewe aliyoiandika kwa kalamu. Alikuwa amekopa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi. Siku alipojaza maombi, skrini ya afisa mikopo ilimwonyesha kuwa riba yote itakuwa shilingi 195,000. Taarifa ya makato iliyochapishwa baadaye ili ipelekwe kwa mwajiri wake ilisema shilingi 360,000. Mkopo ni ule ule, chama ni kile kile, kompyuta zimeungwa kwa waya mmoja.

Mwalimu hakuja kugombana. Alikuwa ameshajua kilichotokea, akataka tu kusikia tutasemaje. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja kwa kanuni yake. Ukitoza asilimia 1 ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, bila kujali mtu amesharejesha kiasi gani, unapata 30,000 mara 12, yaani 360,000. Ukitoza asilimia 1 ya salio lililobaki, na mkopaji anarejesha 250,000 za deni lenyewe kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 30,000, wa pili 27,500, wa tatu 25,000, hadi wa mwisho 2,500. Jumlisha, unapata 195,000. Masharti ya chama yalitaja riba ya salio linalopungua. Kwa hiyo fomu ya maombi ilifuata masharti na ripoti ya makato haikuyafuata, na tofauti ya shilingi 165,000 ilikuwa itoke kwenye mshahara wa mwalimu.

Mhasibu wetu, mama mmoja aliyekaribia kustaafu, aliniita baada ya mwalimu kuondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu vuta kiti, mwanangu. Nionyeshe masharti yetu yako wapi humo ndani."

"Yamo, mama, ila hayako mahali pamoja."

"Mbona mimi yangu ninayo kwenye droo? Kijitabu kimoja. Mkutano mkuu ukibadilisha kifungu, nakata kimoja naandika kimoja, nagonga mhuri. Sasa wewe ukiambiwa ubadilishe, utaanzia wapi?"

Lilikuwa swali la usanifu wa programu, limeulizwa na mtu asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Nilirudi kwenye kompyuta nikaanza kutafuta palipoandikwa riba. Nilikuta fomula ndani ya kitufe cha kuwasilisha maombi. Nikakuta nyingine ndani ya kitufe cha kuchapisha makato, nyingine ndani ya fomu ya kupokea marejesho, na nyingine tena ndani ya dirisha la kumalizia mkopo kabla ya muda. Zilifanana kwa sura, lakini kila moja ilikuwa na upotovu wake mdogo. Mahali pengine asilimia ilisomwa kutoka kwenye jedwali la mipangilio. Mahali pengine ilikuwa imeandikwa 0.01 moja kwa moja, katikati ya amri za kupanga herufi na kupaka rangi.

Zana yenyewe ndiyo ilimwelekeza fundi huko. Microsoft ilizindua Visual Basic mwaka 1991, na mvuto wake ulikuwa wepesi: unachukua kitufe, unakiweka kwenye fomu, unakibofya mara mbili, na dirisha la msimbo linafunguka likiwa na mistari miwili iliyokwisha kuandikwa, huku kishale kikimetameta katikati yake. Maana ya mwaliko huo haina utata: andika hapa kitakachotokea kitufe kikibonyezwa. Mamilioni ya programu za ofisi duniani ziliandikwa hivyo, na nyingi zilifanya kazi iliyokusudiwa. Lakini zana inayokualika kuandika uamuzi ndani ya kitufe inakufundisha pia, bila kusema, kwamba uamuzi ni mali ya kitufe. Vitufe vikiwa vitatu, uamuzi unaandikwa mara tatu.

Baada ya jambo la mwalimu nilipata ufumbuzi wa kero nyingine, ndogo kwa thamani lakini ya siku nyingi. Kila mwisho wa mwezi mama mhasibu alikuwa akitafuta shilingi moja moja zilizopotea kati ya risiti na leja. Chanzo kilikuwa hiki. Katika Visual Basic 6, amri ya Round ikikutana na nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo jirani: 2.5 inakuwa 2, na 3.5 inakuwa 4. Amri ya Format, ambayo kazi yake ni kuiremba namba kabla ya kuionyesha, huipeleka nusu hiyo juu siku zote: 2.5 inakuwa 3. Chukua mwanachama mwenye salio la shilingi 1,250,250. Asilimia moja yake ni 12,502.50. Leja iliandikwa kwa Round ikapokea 12,502. Risiti ilichapishwa kwa Format ikaonyesha 12,503. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekosea kujumlisha. Upande unaoongea ulikuwa umejipa madaraka ya kukadiria, wakati kukadiria ni uamuzi kuhusu fedha za mtu.

Wapo walionishauri niuandike mfumo wote upya. Sikufanya hivyo, na bado nadhani kufumua kidogo kidogo ndiyo njia inayofaa kwa ofisi ambayo haiwezi kufunga milango. Nilianza na mikopo ya zamani iliyokwisha kulipwa, ambayo mama mhasibu alikuwa ameikagua kwa mkono. Nilichukua kiasi, muda, tarehe na marejesho ya kila mkopo, pamoja na jibu sahihi alilolithibitisha yeye, nikaviweka kwenye faili. Kisha nikaandika sehemu moja ya programu isiyo na dirisha, kitufe wala rangi. Unaipa kiasi, muda na historia ya marejesho, inakurudishia ratiba ya mkopo. Kila nilipoigusa, niliipitisha mikopo yote ya kwenye faili na kulinganisha majibu. Ilipokubaliana na kalamu ya mama, nikaanza kwenda fomu kwa fomu, nikiitoa fomula iliyokuwemo na kuiacha fomu iulize kule.

Kazi ya namna hii haina sherehe. Keshia hakuona badiliko lolote, kwa sababu fomu zilibaki na sura ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa niliweza kuujaribu uamuzi bila kumwomba mtu abonyeze kitu. Hapo awali, ili kujua kama hesabu ya kumaliza mkopo mapema iko sawa, ilibidi kufungua programu, kuingia kwa jina la afisa, kutafuta mwanachama wa kubuni, kujaza visanduku na kusoma namba kwenye skrini. Mtu anafanya hivyo kwa mikopo michache kisha anachoka na kusema inatosha. Mantiki iliyotoka kwenye fomu hupimwa kwa mamia ya mikopo wakati wewe unakunywa chai.

Lakini faida iliyonishangaza haikuwa ya kiufundi. Nilipokuwa nazitoa kanuni kwenye vitufe, nilikuta baadhi yake hazimo kwenye kijitabu cha masharti. Palikuwa na mstari uliomhesabu mwanachama mwenye malimbikizo yasiyofika shilingi 5,000 kuwa hana deni lolote. Palikuwa na kanuni iliyomzuia mwanachama kudhamini zaidi ya mikopo miwili, nayo ilikuwepo kwenye fomu ya mkopo mpya lakini haikuwepo kwenye fomu ya kuongeza mkopo. Bila shaka kila moja ilikuwa na historia yake: keshia alilalamika siku moja, au kiongozi aliomba jambo akiwa amesimama mlangoni, na fundi akaliweka pale pale alipokuwa anafanya kazi. Hakukuwa na kikao wala muhtasari. Fundi alikuwa ametunga sheria ya chama bila kuchaguliwa na mtu, na pengine bila kujua.

Nilizichapisha kanuni hizo kwenye karatasi nikazipeleka kwa kamati ya mikopo. Kikao kilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ile ya malimbikizo madogo kamati iliipenda, ikaiombea idhini ikaingia kwenye sera ya mikopo. Ile ya wadhamini walikubaliana kuwa iwahusu watu wote, mkopo mpya na wa kuongeza. Nikikumbuka mjadala ule naona ndipo nilipoelewa kutenganisha kiolesura na mantiki kunamfaa nani. Wajumbe wasingeweza kuijadili kanuni iliyofichwa ndani ya kitufe. Ilibidi kwanza itoke, ipewe jina, isimame mahali pa kuelekezewa kidole.

Kuanzia hapo nikawa nayaandika majina ya sehemu zile kwa Kiswahili: kiwango cha juu cha mkopo, malimbikizo, sifa za mdhamini. Msimbo wa fomu ulibaki na majina yake ya kifundi, maana haukumhusu mtu mwingine. Ule wa masharti ulikuwa na wasomaji wengine. Mama mhasibu aliweza kukaa pembeni yangu na kijitabu chake, akafuatilia kifungu kwa kifungu, akasema hapa sawa, hapa bado.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko Visual Basic. David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba programu isigawanywe kwa kufuata mpangilio wa hatua zake. Kila sehemu ifiche uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika. Kisha Trygve Reenskaug, Mnorwe aliyekuwa na uzoefu wa programu za viwanda vya kujenga meli, alikwenda kwenye kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, akafanya kazi na kundi la lugha ya Smalltalk mwaka 1978 na 1979. Huko alipendekeza mgawanyo wa sehemu tatu: modeli, inayoshika maarifa ya jambo lenyewe, mwonekano, unaoyaonyesha, na kidhibiti, kinachopokea maelekezo ya mtumiaji. Zana nyingi za kutengeneza tovuti leo zimeazima majina hayo, ingawa mara nyingi maana imepindishwa njiani.

Kinachonivutia kwa Reenskaug ni shabaha yake. Tatizo lililomsumbua lilikuwa la mtu anayepaswa kutawala taarifa nyingi na tata, na alitaka kilichomo ndani ya kompyuta kifanane na picha ambayo mtu huyo anayo kichwani kuhusu kazi yake. Modeli si ghala la data lililofichwa nyuma ya skrini. Ni jambo analolifahamu mtumiaji, limewekwa ndani ya mashine. Wajumbe wa kamati yetu walikuwa na picha ya mkopo kichwani mwao: akiba, wadhamini, ratiba, malimbikizo. Mfumo wa mwanzo haukuwa na kitu kinachoitwa mkopo. Ulikuwa na fomu ya mkopo, jedwali la mkopo na ripoti ya mkopo, lakini mkopo wenyewe, pamoja na tabia zake, haukuwa na makazi.

Mtihani mkubwa ulikuja na simu. Wanachama wetu wengi walikuwa walimu na wauguzi wa Kilosa na Mvomero, na wengine walipanda gari hadi mjini kuja kuuliza salio tu. M-Pesa ilikwishaingia Tanzania mwaka 2008, watu walishazoea kupiga namba za nyota na reli, na wakaanza kuuliza kwa nini chama chao hakina. Tukaamua kutumia USSD, teknolojia ile ile ya menyu za simu, kwa sababu haihitaji intaneti na inafanya kazi hata kwenye kitochi.

USSD ni mwalimu mkali wa anayedhani kiolesura ni mapambo. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 182, pamoja na nafasi tupu na alama. Mtumiaji akichelewa kujibu, mtandao unakata mazungumzo na anaanza upya. Hakuna rangi, hakuna kisanduku cha kuweka alama. Fomu ya maombi iliyojaza skrini nzima ya afisa mikopo ilibidi igeuke kuwa mazungumzo ya maswali machache: "Akiba yako: 1,850,000. Unaweza kukopa hadi: 5,550,000. 1.Omba 2.Marejesho 0.Toka". Nilitumia muda mwingi kupunguza maneno kuliko kuandika msimbo. Mantiki sikuigusa. Kanuni ya kukopa hadi mara tatu ya akiba ilikuwa ile ile iliyojibu skrini ya ofisini, na mwanachama wa Kilosa aliyeshika kitochi aliona namba ile ile ambayo angeambiwa dirishani. Kama kanuni ingekuwa bado ndani ya kitufe cha Visual Basic, kusingekuwa na njia ya kuifikia kutoka kwenye simu, maana simu haiwezi kubonyeza kitufe kilichoko Morogoro. Ningeiandika mara nyingine kwa ajili ya simu, na mwalimu mwingine angekuja na karatasi zake mbili.

Kwa vijana niliowafundisha kazi baadaye nilikuwa natumia mfano wa daladala. Dereva anaendesha, konda anaongea. Konda anajua kumbembeleza mzee, kumharakisha kijana, kubadilisha sauti kila kituo. Dereva hahitaji kujua nani amelipa kwa noti na nani kwa sarafu. Kati yao kuna lugha fupi waliyokubaliana, ya kugonga bati, nayo inatosha. Unaweza kubadilisha konda mchana na gari likaendelea na njia yake. Vijana walikuwa wanacheka, kisha nawauliza: konda mbaya akipanda, gari linajaa? Hapo ndipo wanaposita. Kutenga kiolesura na mantiki si kukishusha hadhi kiolesura. Ni kukiacha kifanye kazi yake ya kuongea na watu kwa umakini wote unaostahili, kikiwa kimetuliwa mzigo wa usukani.

Thamani ya mgawanyo huo iliongezeka mwaka 2021. Mwezi Julai mwaka huo Serikali ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi. Mwezi Septemba ikapunguza kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Chama chetu hakikukusanya tozo hiyo, lakini tulikuwa tunawatumia wanachama mikopo kwa simu, na kila mmoja alitaka kujua kabla ya kukubali: mkononi nitapata ngapi? Jibu hilo lilionekana kwenye USSD, kwenye kivinjari cha afisa mikopo kilichokuwa kimechukua nafasi ya fomu za Visual Basic, kwenye ujumbe wa simu na kwenye taarifa iliyochapishwa. Kwa kuwa violesura vyote viliuliza mahali pamoja, kila badiliko lilikuwa kuweka jedwali jipya la viwango na tarehe ya kuanza kutumika. Ofisi nyingine mjini zilibandika karatasi ukutani kuwataarifu wateja wapuuze kiasi kinachoonyeshwa na mfumo.

Mpaka wenyewe si rahisi kila mahali, na anayesema ni rahisi hajauchora. Chukua ujumbe wa kukataliwa. Mwanachama akiomba kupita kiwango, nani aandike maneno? Mwanzoni mantiki yetu ilirudisha sentensi nzima, nayo ikawa ndefu kwa USSD, fupi mno kwa afisa mikopo, na haikufaa kwa mkaguzi aliyetaka taarifa kwa Kiingereza. Tukakubaliana mantiki irudishe ukweli mtupu: kiwango kimezidi, kilichoombwa ni hiki, kinachoruhusiwa ni hiki, kwa kifungu fulani cha masharti. Kila kiolesura kikatunga maneno yake. Kwenye simu ilitosha kusema: "Umezidi. Mwisho 5,550,000." Kwa afisa mikopo ilikuja sentensi kamili yenye kifungu, ili aweze kumwelewesha mtu aliyekaa mbele yake.

Au chukua ulinzi. Masharti yalikataza aliyeingiza ombi la mkopo kuliidhinisha yeye mwenyewe. Mfumo wa zamani ulitekeleza hilo kwa kuficha kitufe cha kuidhinisha, na wakati ule ilisaidia, kwa kuwa watumishi waliijua njia moja tu, ile fomu. Tulipohamia kwenye kivinjari, ombi la kuidhinisha likawa ujumbe unaosafiri kwenye mtandao, na mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuutunga mwenyewe bila hata kuifungua fomu. Kitufe tuliendelea kukificha, kwa sababu ni ukarimu kutomwonyesha mtu kitu asichoweza kukitumia. Ila katazo lenyewe likahamia upande unaoamua, ambao hukagua kila ombi bila kujali limetoka wapi. Hapo kanuni moja inaonekana pande zote mbili, na si kosa: upande mmoja inasaidia, upande mwingine inazuia.

Upo pia ugonjwa wa kupitiliza. Niliwahi kuitwa kusaidia mradi wa taasisi nisiyoitaja, ambako vijana hodari walikuwa wamejenga tabaka juu ya tabaka. Ilipohitajika kuongeza namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwenye fomu ya usajili, namba hiyo ilipita tabaka kadhaa, na katika kila moja ilinakiliwa kutoka kisanduku kimoja kwenda kingine chenye jina lile lile, bila kitu chochote kuamuliwa njiani. Waliita huo usanifu safi. Mpaka una gharama: lazima uandikwe, ueleweke, utunzwe. Faida yake huonekana pale tu ambapo pande mbili hubadilika kwa sababu tofauti na kwa amri ya watu tofauti. Masharti ya mkopo hubadilishwa na mkutano mkuu. Menyu ya simu hubadilishwa na mtumiaji aliyekwama. Hao ni mabwana wawili, kwa hiyo mpaka kati yao una kazi. Matabaka mawili yenye bwana mmoja ni tabaka moja lililokatwa vipande.

Ndiyo maana sipendi somo hili lifundishwe kama nidhamu ya mafundi peke yao. Leo vyama vya akiba, shule, zahanati na ofisi za vijiji vinanunua mifumo kila mwaka. Muuzaji huja na kompyuta mpakato, anaonyesha skrini nzuri, wajumbe wanapiga makofi, mkataba unatiwa saini. Skrini zinastahili kutazamwa, maana ndizo watumishi watakazoishi nazo. Lakini anayenunua ana haki ya kuuliza jambo jingine kabla ya kusaini: kanuni yetu ya riba, au ya ada, au ya dozi, iko wapi humu ndani? Inaweza kujaribiwa bila kufungua dirisha? Mkutano ukiibadilisha Jumamosi, Jumatatu utagusa mahali pangapi? Muuzaji akijibu mahali pamoja na akapaonyesha, endeleeni kujadili bei. Akianza kuhesabu vitufe, mjue kwamba mnaponunua skrini zake, mnamkabidhi na masharti yenu.